PR, Shahidi wa ER

Ripoti ya saratani ya matiti huorodhesha ER, PR na HER2 kana kwamba ni protini tatu zisizojuana. Zinajuana sana, na anayezisoma moja moja huachwa na nusu ya habari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilishajulikana kwamba uvimbe usio na kipokezi cha estrojeni, yaani ER, ni nadra kusikia tiba ya homoni. Kilichotatiza ni kwamba hata wenye ER, mwingi uligoma. Kathryn Horwitz na William McGuire, wakiwa San Antonio, Texas, walijiuliza: huenda kipokezi kipo lakini hakifanyi kazi? Estrojeni ikishikana na ER, jeni kadhaa huamshwa, mojawapo ikiwa ya kipokezi cha projesteroni, PR. Basi wakapima mazao badala ya kumpima mkulima: PR ikionekana, njia yote iliyotangulia iko hai. Hoja hiyo waliichapisha mwaka 1975 katika jarida la Science, na mwaka 1978 wakaonyesha kwamba seli za saratani ya matiti za MCF-7 zikipewa estrojeni, PR huongezeka. Kwangu hii ni kazi ya fikra ya hali ya juu.

HER2, kipokezi kinachohimiza seli zikue, huvuta upande mwingine. Jeni yake iliyoko kwenye kromosomu ya 17 ikijirudufu kupita kiasi, ishara zake huelekea kuishusha ER, na PR zaidi.

Kwa kuwa PR huamshwa na ER, jibu la ER hasi na PR chanya humshtua mwanapatholojia makini. Ni nadra, na mara nyingi kosa liko kwenye sampuli. Miongozo hutaka tishu iingie kwenye fomalini ndani ya saa 1 na ikae humo saa 6 hadi 72. Sampuli iliyosahaulika mezani inaweza kumfanya mgonjwa aandikiwe ER “hasi” akakosa tamoksifeni, dawa ya tiba ya homoni yenye bei nafuu ambayo ingeweza kumwokoa. Hilo halivumiliki, na lazima kipimo kirudiwe.

Hata hivyo ushahidi wa PR una mpaka. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya tamoksifeni, uliochapishwa katika Lancet mwaka 2011, ulionyesha kwamba ER ikiwa chanya, dawa husaidia PR iwepo au isiwepo. PR hasi huashiria uvimbe mkali zaidi. Si sababu ya kumnyima mgonjwa tiba ya homoni.