Sarufi ya Askofu Lowth

Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuwa baadaye askofu Mwanglikana wa London, alitoa sarufi fupi ya kiingereza. Kitabu ni wazi, tena chafaa. Lakini sharti tukipime. Katika chapa zilizofuata aliongeza kwamba kukana mara mbili ni kukubali. Katika kilatini ndivyo. Bali katika kigiriki cha Injili, «ou mê» ni kukana kwa nguvu zaidi. Chaucer naye alikana mara mbili, na lahaja nyingi za Uingereza zafanya vile hata leo. Basi hazikosi sarufi: zina sarufi yao, yenye utaratibu wake. Lowth alisikiliza vema mashairi ya Waebrania; wanavijiji wa nchi yake hakuwasikiliza. Mchungaji anayedharau usemi wa kundi lake, atamhubiri nani?