Ugumu na Adha katika Michezo ya Kukusanya Viumbe: Tathmini ya Pokémon

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa michezo ya video mara nyingi hupima vikwazo kwa kigezo kimoja: mchezo mgumu husifiwa kuwa unamjenga mchezaji, na mwepesi hubezwa. Kigezo hicho hakitoshi. Makala haya yanatofautisha ugumu, yaani kikwazo kinachodai maarifa au uamuzi, na adha, yaani kikwazo kinachodai muda au fedha tu. Hoja kuu ni kwamba adha ikishazoeleka kuwa sehemu ya mchezo, hugeuka kuwa bidhaa. Mfano unaochunguzwa ni Pokémon, mfululizo ulioanza Japani Februari 1996 kwa matoleo mawili ya kifaa cha Game Boy, Red na Green, yenye viumbe 151 wa kukamatwa, kufunzwa na kupambanishwa.

2.0 Adha Isiyo na Tija

Katika matoleo hayo, kila kiumbe hubeba mbinu nne tu. Hata hivyo, baadhi ya njia hazipitiki bila mbinu maalumu, kama vile kukata kichaka au kuvuka maji, na kiumbe akishafundishwa mbinu hizo hawezi kuzisahau. Mchezaji hulazimika ama kumdhoofisha mpiganaji wake hodari, ama kutenga nafasi moja kati ya sita za kikosi kwa kiumbe atakayekuwa mchukuzi tu. Hali hiyo inafanana na mkakati, lakini kichaka hakimwulizi mchezaji swali lolote; kinamtoza ushuru. Vivyo hivyo mapangoni, Zubat humvamia mchezaji tena na tena bila kuonekana kabla. Kinga yake ni dawa ya sarafu 350 za mchezoni, inayodumu hatua 100.

Historia ya mfululizo wenyewe inathibitisha kwamba vikwazo hivyo havikuwa vya lazima. Matoleo ya Sun na Moon (2016) yaliachana na mbinu hizo na kumpa mchezaji viumbe wa kupanda. Yale ya Let's Go (2018) yaliwaonyesha viumbe wa mwituni kabla ya kukutana nao. Mapambano yalibaki, ushuru uliondoka.

3.0 Kikwazo Chenye Maana

Kubadilishana viumbe ni suala jingine. Satoshi Tajiri, mbunifu wa Pokémon aliyependa kukusanya wadudu utotoni, aliiona kebo ya kuunganisha vifaa viwili kuwa njia ya viumbe kuhama kutoka kwa mchezaji mmoja hadi kwa mwingine. Kwa hiyo, hakuna toleo lenye viumbe wote, na Kadabra au Haunter hafikii umbo lake la mwisho asipobadilishwa. Kikwazo hiki nacho hukera, lakini kinamtaka mtoto ajadiliane, aamini na atoe.

Pamoja na hayo, mzigo wake haugawanyiki kwa usawa. Mtoto asiye na mwenzake mwenye kifaa na kebo hakukosa ustadi, amekosa nyenzo. Legends: Arceus (2022) ilileta kifaa cha mchezoni kinachotimiza mabadiliko hayo bila mtu wa pili. Suluhisho hilo linamfaa mchezaji mpweke, lakini linapunguza sababu ya kukutana.

4.0 Adha Inapouzwa

Pokémon GO ilipozinduliwa Julai 2016, ilipakuliwa bure. Hata hivyo, ghala la mchezaji lilikuwa na nafasi 250, na kuliongeza kulihitaji sarafu, ambazo nyingine hupatikana kwa kucheza na nyingine hununuliwa. Mayai yalidai mwendo wa kilomita 2, 5 au 10, na mchezaji alikuwa na kiatamizi kimoja tu cha kudumu. Katika mchezo unaohimiza ukusanyaji, ghala dogo si bahati mbaya ya kiufundi, ni bei.

Hatari ya mantiki hiyo ilishatambuliwa Japani. Mwaka 2012 mamlaka ya kulinda watumiaji ilipinga kompu gacha, mfumo mwingine ambao mchezaji hulipia bahati nasibu ili akamilishe seti na kupata tuzo adimu. Kilichokataliwa hakikuwa bahati nasibu yenyewe, bali kuifungamanisha na hamu ya kukamilisha.

5.0 Hitimisho

Uainishaji wa michezo unaotazama umri na maudhui pekee hauwezi kuiona adha. Washauri wa sera wanapaswa kukihoji kila kikwazo: kinadai nini kwa mchezaji, nani hana uwezo wa kukivuka, na nani anafaidika anaposhindwa? Pale ambapo anayefaidika ni yule aliyekiweka, kikwazo hicho hakistahili tena kuitwa ugumu.