"Weka WEP tu": ushauri wa kuachana nao

Laptopu ya zamani inaiona waifai vizuri. Unaandika nywila sahihi, inakataa. Fundi anakwambia: "Ingia kwenye ruta, weka WEP tu." Kweli, inaunganika. Lakini ushauri huu ni mbovu, na sababu zake zinapimika.

WEP ilikuja na kiwango cha 802.11 mwaka 1997. Kila pakiti husimbwa kwa ufunguo uleule, ikiongezwa namba ya biti 24 inayobadilika. Namba hizo ziko 16,777,216. Nyingi, eti? Piga hesabu: kwa kasi ya megabiti 11 kwa sekunde na pakiti za baiti 1,500, zinaisha kwa saa 5 hivi, halafu zinajirudia. Tena mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kwamba baadhi ya namba hizo zinavujisha ufunguo wenyewe. Kufika 2007, watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliweza kuupata kwa chini ya dakika moja. Yaani kwa ajili ya laptopu moja, umewaweka wazi wote wanaotumia ruta hiyo.

Utetezi wa kawaida ni kwamba kadi ya zamani haiwezi zaidi ya hapo. Si kweli kila mara. WPA ya mwaka 2003 ilibuniwa kwa kuzifikiria kadi hizohizo. Mbinu yake, TKIP, ilibaki na RC4 ambayo chipu za zamani tayari zinaijua, ila ikabadilisha ufunguo kwa kila pakiti. Kilichotakiwa ni draiva mpya na programu mpya ya ndani ya kadi. Kwenye Linux, draiva ya Host AP ya Jouni Malinen iliziwezesha kadi za Prism kutumia hata AES: hesabu ilifanywa na prosesa ya laptopu, si chipu ya kadi.

Kumbe mara nyingi kilichokosekana ni draiva, na lawama hiyo ni ya mtengenezaji aliyeona heri uuziwe kadi mpya.

TKIP nayo ilikuwa kiraka tu. Mwaka 2008 Beck na Tews waliitoboa kwa sehemu. Kwa hiyo tafuta kwanza draiva inayokubali WPA2. Ikikosekana, chomeka adapta ya USB, au tumia waya. Ruta iache na WPA2 yake.