Maiti Hachekwi

Katika Mr. Vampire, filamu iliyotoka Hong Kong mwaka 1985, kuna jeneza linalofukuliwa baada ya kukaa ardhini miaka 20. Mzee aliyemo hajaoza. Kuhani Kau, mwenye dhamana ya nyumba ya kuhifadhia maiti, anatambua hatari mara moja. Anawaagiza wanafunzi wake wawili walichape jeneza mistari kila upande kwa uzi wa wino, ule uzi ambao fundi seremala huuvuta ukakaza, akauachia, ukaacha mstari ulionyooka juu ya ubao. Wino wenyewe umetiwa damu ya kuku. Vijana wanachapa kifuniko, wanachapa mbavuni, wanachapa kichwani na miguuni, kisha wanaridhika na kazi yao. Upande wa chini hawakuugusa.

Kutokana na uzembe huo watu wanakufa. Maiti anatoka, anakwenda kwanza kumtafuta mwanawe mwenyewe, tajiri wa mji, na kumuua. Na sisi tuliokuwa tunawacheka wale vijana wawili tunajikuta tumekaa wima, hatucheki tena, halafu dakika chache baadaye tunacheka upya.

Filamu za Kikantoni za aina hii, zinazotisha na kuchekesha kwa pumzi moja, zikisimuliwa kwa mdomo huonekana mzaha mtupu. Maiti kavaa joho na kofia ya afisa wa enzi ya Qing, kanyoosha mikono mbele, anaruka miguu pamoja kwa sababu viungo vimekakamaa. Ukibandika karatasi ya manjano yenye maandishi mekundu kwenye paji la uso wake, anasimama tuli. Msikilizaji atauliza: huyo naye anamtisha nani? Lakini itazame filamu yenyewe kwa makini. Maiti hachekwi hata mara moja. Anayechekwa ni aliye hai: mvivu, mlafi, mwenye tamaa ya mke wa mtu, mkuu wa polisi mwenye cheo kirefu na akili fupi. Hii ndiyo sanaa ninayotaka kuisifu, na naamini ndiyo iliyozifanya filamu hizi zipate mashabiki wasiozitupa miaka 40 baadaye.

Kiumbe mwenyewe anaitwa jiangshi, na ni wa zamani kuliko sinema. Waandishi wa China wa enzi ya Qing walikusanya visa vya maiti wanaoinuka. Pu Songling, aliyefariki mwaka 1715, ndiye maarufu kuliko wote. Kule magharibi mwa mkoa wa Hunan kulikuwa na hadithi za makuhani waliowaongoza wafu kurudi makwao usiku, wamepangwa mstari, mbele yao kengele ikilia ili walio hai wapishe njia. Wako wanaosema kwamba maiti hao walifungwa kwenye miti mirefu ya mianzi iliyobebwa na watu wawili, na mianzi ilipokuwa ikinepa kwa uzito, aliyeona kwa mbali gizani aliona wafu wakiruka. Chanzo cha safari hizo ni huzuni ya kawaida kabisa: mtu amefia ugenini, na jamaa zake wanataka azikwe kwao. Msomaji wa kwetu atamfikiria msukule, lakini msukule hufichwa akafanyishwa kazi na mchawi. Huyu wa Hunan anapelekwa nyumbani.

Ndiyo maana Mr. Vampire inaanza katika nyumba ya maiti, mahali pa kupumzisha wasafiri hao. Kuhani mwenzake Kau analeta kundi la wateja wake, nao wanaingia wakirukaruka mmoja nyuma ya mwingine. Hirizi zile za karatasi zinabanduka, wafu wanatawanyika, na kila mtu anabana pumzi, kwa maana jiangshi hamwoni mtu, humfuata kwa pumzi yake. Hebu fikiria mwongozaji amepewa nini hapo. Binadamu akiogopa huhema. Kanuni inasema usiheme. Mashavu yanatuna, macho yanatoka pima, na uso wa maiti uko inchi mbili kutoka puani. Ricky Lau, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza, hakuhitaji mwigizaji wake atamke neno lolote la kuchekesha.

Kanuni ziko nyingi, na zote zinashikwa kwa ukali. Mchele wa kunata hunyonya sumu ya jiangshi. Mchele wa kawaida haufai kitu. Upanga uwe wa mti wa mpichi. Kioo kiwe na zile alama nane za Kichina ziitwazo bagua. Filamu haikuombi radhi kwa kanuni hizo wala haizikonyezei jicho. Inazitangaza mapema, kama mwamuzi anavyotangaza masharti ya mchezo, halafu inatuonyesha watu wakishindwa kuzifuata kwa sababu za kibinadamu kabisa.

Chukua ule mchele. Mwanafunzi mmoja amekwaruzwa na maiti, kucha zake zimeanza kurefuka, na dawa ni kukanyaga mchele wa kunata bila kupumzika. Mwenzake anatumwa dukani. Muuzaji, kwa tamaa ya faida ndogo, anachanganya mchele wa kawaida humo humo. Sasa rudi nyuma miaka mitano, kwenye Encounters of the Spooky Kind ya mwaka 1980, aliyoiongoza na kuiigiza Sammo Hung. Cheung, mtu anayejitapa kuwa haogopi kitu, amelazimika kulala hekaluni na maiti, na ameambiwa awe na mayai 50 ya kuku ya kulitupia jeneza kila kifuniko kinapoinuka. Muuzaji amemchanganyia mayai ya bata. Filamu mbili zilizotoka katika kampuni moja ya Sammo Hung, na zote mbili zinamtia mtu hatarini kwa kosa la muuzaji wa sokoni. Mimi nalipenda jambo hili kuliko mapigano yote. Hakuna anayeuliza kama wafu kweli huinuka; kinachoumiza ni kwamba mtu ametoa pesa yake halali akauziwa kitu kilichoghushiwa. Kila aliyewahi kununua mafuta ya taa yaliyotiwa maji anajua hasira hiyo inakaa wapi mwilini.

Lakini kanuni peke yake hazitoshi. Kanuni zilihitaji miili ya kuzibeba, na Hong Kong ilikuwa nayo. Sammo Hung alilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na Jackie Chan na Yuen Wah. Huko watoto walijifunza sarakasi, kuimba, kupigana kwa silaha na kusimama kwa mikono hadi misuli itetemeke. Yuen Wah ndiye aliyepiga mbinuko kwa niaba ya Bruce Lee katika Enter the Dragon ya mwaka 1973. Ndiye pia maiti mkuu wa Mr. Vampire. Mtazame anavyoruka. Magoti hayakunjwi. Nguvu yote inatoka kwenye vifundo vya miguu, joho halipepei ovyo, mikono haishuki hata akitua. Mtu asiyefundishwa akifanya hivyo mara mbili tu, mabega yatamsaliti, na hapo kiumbe kinageuka kuwa kijana aliyevaa nguo za kuazima. Kwa Yuen Wah tunaona kitu kizito kinachosogea bila kutaka msaada wa nia ya mtu. Hana hata neno moja la kusema, na bado uwepo wake unajaza chumba.

Na mbele yake yuko Lam Ching-ying.

Naye alitoka shule ya opera, na kwa umbo lake jembamba mara nyingi alipewa nafasi za kike jukwaani. Akiwa kijana alifanya kazi na Bruce Lee kama msaidizi wa mapigano. Alipocheza Kuhani Kau hakuwa ametimiza miaka 33, lakini kwa nywele zilizotiwa mvi na zile nyusi nene zilizokutana juu ya pua, alionekana mzee aliyezika vizazi. Ustadi wake mkubwa ni kujizuia. Wengine wote wanapiga mayowe na kuanguka juu ya meza. Yeye anachora hirizi kwa mikono ya mtu aliyeifanya kazi hiyo kila siku, kalamu ikizama kwenye wino na kutoka bila kudondosha tone. Anaamini anachokifanya. Kwa kuwa yeye anaamini, sisi tunaogopa. Na kwa kuwa tunaogopa, kicheko kikija kinatoka tumboni.

Mwongozaji hakumwacha Kau awe mtakatifu, na hapo nampongeza. Kuna tukio ambapo tajiri anamwalika kwenye mkahawa wa Kizungu. Kahawa inaletwa mbali na maziwa mbali, na kuhani, anayejua kuamrisha wafu, hajui kikombe kipi kinamiminiwa kipi. Anameza kahawa chungu, anameza maziwa, na heshima yake inabaki usoni. Tukio hilo ni fupi, lakini limebeba Hong Kong nzima, iliyokaa chini ya Waingereza zaidi ya miaka 150.

Lugha nayo ina haki yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kimandarini kilikuwa karibu kimekifukuza Kikantoni kwenye sinema za Hong Kong. Kikantoni kilirudi na The House of 72 Tenants ya mwaka 1973, kisha vichekesho vya Michael Hui. Mwanafunzi yule anayekanyaga mchele ni Ricky Hui, mdogo wake Michael. Kwa hiyo filamu hizi za mizimu ni wajukuu wa ushindi wa lugha ya nyumbani, yenye matusi yake ya sokoni na utani wake wa haraka, na hili husikika hata kwa asiyeelewa neno.

Sifa zangu zina mipaka. Encounters of the Spooky Kind inamalizika kwa Cheung kumtwanga ngumi mkewe, na filamu inataka tushangilie. Mimi nakataa. Halafu kuna Crazy Safari ya mwaka 1991, ambamo Lam Ching-ying na jiangshi wake wanaangukia kusini mwa bara la Afrika na kukutana na N!xau, yule Msani wa Namibia aliyejulikana kwa The Gods Must Be Crazy. Kuna mahali N!xau anapandwa na roho ya Bruce Lee, na kwa muda huo watu wawili wa sanaa zilizo mbali wanakutana kwa furaha ya kweli. Lakini filamu iliyobaki inamtazama Mwafrika kama kituko, yaani inafanya hasa kile ambacho Mr. Vampire ilikataa kumfanyia maiti. Fedheha hiyo haisafishwi na ucheshi wowote.

Mafanikio nayo yalileta mafuriko. Mr. Vampire iliingiza zaidi ya dola milioni 20 za Hong Kong, na kila mtayarishaji akataka jiangshi wake. Taiwan ikatengeneza wake, Japani ikashikwa na homa, watoto wakaruka uani wakiwa na karatasi kwenye paji la uso. Nyingi ya filamu hizo zilichukua joho na kuacha kanuni. Zilimcheka maiti, na maiti akichekwa hana kazi tena.

Huku kwetu filamu za Hong Kong ziliingia kwa mlango wa kung fu, kwenye kumbi za sinema na baadaye vibanda vya video, ambako wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijipatia jina kwa kuzitia filamu za kigeni Kiswahili chao. Msimulizi mzuri anajua anachojua Ricky Lau: pale kitisho kinapokaza, hapunguzi makali yake kwa mzaha. Anakiacha kichome, halafu anamgeukia yule mwoga anayejificha chini ya meza.

Lam Ching-ying alifariki Novemba 1997 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 44, miezi michache baada ya Hong Kong kurudishwa China. Soko lililofuata lilitazama China bara, ambako wakaguzi wa filamu hawapendi mizimu. Mwaka 2013 Juno Mak alitoa Rigor Mortis, akamrudisha Chin Siu-ho, aliyekuwa mwanafunzi wa pili wa Kau, sasa kama mwigizaji aliyechoka na maisha katika jengo la ghorofa la makazi ya umma. Ni kazi nzuri na yenye huzuni nyingi. Kicheko hakimo, nami nakitamani.

Anayetaka kuanza aanze na Mr. Vampire, kwa Kikantoni na maandishi ya tafsiri. Zile zilizotiwa sauti za Kiingereza azikwepe kabisa. Kisha The Dead and the Deadly ya Wu Ma ya mwaka 1982, kisha Encounters of the Spooky Kind, akijiandaa kwa ule mwisho wake mbaya. Na kwa ndugu zangu mnaotengeneza filamu za kutisha Dar es Salaam na Nairobi, ombi langu ni moja: kabla ya kununua rangi nyekundu ya damu, kaeni chini mwandike mzimu wenu unafuata kanuni zipi, halafu mtafuteni mwigizaji atakayeziamini.