Mfumo Unaosema Tangu Mlangoni

Asiyeona anapochagua mfumo endeshi wa bure kwa kompyuta yake, la kwanza kuuliza, kwa maoni yangu, ni hili: unaanza kusema lini? Mfumo unaosema baada ya jirani mwenye macho kuusimika umekwisha kumfanya mwenyewe mgeni nyumbani kwake.

Hapo Debian inastahili sifa. Menyu ya kuusimika ikifunguka hulia mlio. Unabonyeza herufi s, kisha Enter, na sauti inakuongoza. Ukimaliza, Orca inakusomea madirisha.

Sauti yenyewe, eSpeak, ni kavu, kama ya karani mwenye mafua. Lakini inasoma hata Kiswahili (tahajia yetu haina hila), nayo haichoshi mashine kuukuu. Kati ya sauti tamu inayochelewa na hii, ningechukua hii.