Pony na Ioniq

Wapo waaminio kwamba kampuni iliyozoea kuunda magari ya watu wa kawaida haiwezi kukaa baraza moja na Ferrari au Porsche. Mimi siafikiani nao. Hyundai, iliyoanza kuunda Pony mwaka 1975, ilitoa Ioniq 5 N mwaka 2023: gari la umeme lenye nguvu za farasi zipatazo 640. Nguvu peke yake si ajabu tena, kwani mota za umeme humpa kila mwenye betri kubwa. Kazi ni breki, usukani na kupoza betri, na katika hayo Hyundai ilimtegemea Albert Biermann, mhandisi aliyetoka BMW mwaka 2015.

Kinachonikera ni kwamba gari hili lisilo na gia limewekewa gia za kuigiza, na spika za kunguruma kama injini ya petroli. (Huzimika, nakubali.) Honda ilipoleta NSX mwaka 1990, yenye bodi ya alumini, wanunuzi hawakuwa wengi, lakini haikujifanya Ferrari. Ilikuwa gari la kasi ambalo mwenyewe aliweza kulipeleka sokoni kila asubuhi. Mbona basi Hyundai, yenye gari zuri hivi, inaomba radhi kwa kukosa injini?