Thamani Iko Kwenye Kiungo

Kisu cha kukunja huzaliwa na kilema ambacho kisu cha jikoni hakina: kimekatwa katikati. Kisu cha jikoni ni chuma kimoja tangu ncha hadi ndani ya mpini. Hiki cha mfukoni kina kiungo, na kiungo hicho kinadaiwa mambo mawili yanayopingana. Kisu kikifunguliwa, bapa litulie tuli kana kwamba halijawahi kusogea. Kikifungwa, liteleze bila kukwaruza wala kusitasita. Ufundi mkubwa wa visu hivi umo katika kuyapatanisha hayo mawili, na kwa maoni yangu ndimo inamopaswa kwenda fedha ya mnunuzi.

Nalisema hili mapema kwa kuwa soko la visu vya bei kubwa lina kelele nyingi. Mteja huonyeshwa kwanza rangi za mpini, mawimbi ya chuma cha Dameski, na herufi za aina ya feleji zilizochongwa ubavuni mwa bapa. Vyote hivyo vina gharama ya kweli. Lakini ni vitu vya kutazamwa, na kiungo hakitazamwi. Hupimwa kwa kidole gumba.

Chukua kisu kiitwacho Sebenza. Aliyekibuni, Chris Reeve, ni fundi wa Afrika Kusini aliyeanza kuishi kwa kutengeneza visu mwaka 1984 huko Durban, kisha mwaka 1989 akahamia Boise, katika jimbo la Idaho, Marekani. Jina alilitoa katika Kizulu, nalo lahusu kazi. Kabla ya hapo, Mmarekani Michael Walker alikuwa ameboresha kufuli la ulimi mwembamba wa chuma unaokaa ndani ya mpini na kuruka nyuma ya bapa linapofunguka. Reeve aliutupa ule ulimi wa ziada. Alichukua bamba nene la titani, ambalo ndilo upande mmoja wa mpini wenyewe, akalipasua kwa mkato mrefu, na sehemu iliyopasuliwa ikawa ndiyo kufuli. Bapa likifunguka, titani hujipinda ndani na kutua nyuma ya kisigino chake. Vidole vinavyoshika mpini ndivyo vinavyolisukuma kufuli lizidi kuingia, kwa hiyo kadiri unavyokaza mkono ndivyo nalo linavyokaza. Vipande vimepungua na nguvu imeongezeka. Mafundi duniani kote wameuiga mpango huo, na sijui sifa gani kubwa kuliko hiyo kwa mbunifu.

Hata hivyo, kuiga umbo ni rahisi kuliko kuiga vipimo. Katika Sebenza kubwa, bapa huzunguka juu ya bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma, na kila upande wa bapa kuna washa ya shaba nyeusi. Bushi hiyo husagwa iwe ndefu kupita unene wa bapa pamoja na washa zake kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ndiyo maana skrubu ya kiungo hukazwa hadi mwisho na bapa likaendelea kuteleza. Katika visu vingi vya kawaida mwenye kisu huachiwa kazi ya kutafuta mahali pa kusimamisha skrubu: akiikaza sana bapa linakuwa zito, akiilegeza linacheza, na akikitumia wiki kadhaa anaanza upya. Hapa fundi ameshaitafuta nafasi hiyo kiwandani, mara moja, kwa niaba yako. Bushi ikizidi kidogo tu, bapa litacheza. Ikipungua kidogo tu, litakwama. Kulifunga bapa hilo polepole ni kama kusukuma mlango wa mninga uliotundikwa na seremala aliyebobea: unakwenda kwa uzito wake, na unafika mahali pake bila kishindo.

Kisu hicho kinauzwa kwa takribani dola 500. Kwa fedha hiyo unapata zaidi ya visu ishirini vya Opinel namba 8, jamii ya visu ambavyo Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Opinel ni mpini wa mti na bapa jembamba, na tangu mwaka 1955 ina pete ya chuma inayozungushwa ili kulizuia bapa lisifunge. Nataka haki itendeke hapa: Opinel iliyonolewa vizuri hupita kwenye nyanya kwa wepesi kuliko visu vingi vya dola 500, kwa sababu kinachokata ni wembamba wa chuma nyuma ya makali, na wembamba haujali bei. Anayenunua kisu ghali akidhani ananunua ukali, amepotoka. Ukali hununuliwa kwa jiwe la kunolea na subira.

Lakini iache Opinel mvuani. Mti hufura, hulibana bapa, na kulifungua kwa kucha kunakuwa taabu. Wenyeji wa Savoie wana dawa yao: hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu na ncha ya bapa hutoka kidogo. Ni ujanja mzuri, na kisu kinastahili upendo kinachopewa. Ila tofauti ya bei imeanza kujieleza, nayo imejieleza kwenye kiungo.

Sehemu nyingine ya fedha huingia mahali pasipoonekana kabisa. Mwaka 2001 kampuni ya Crucible ya Marekani ilitoa feleji iitwayo S30V, na Reeve alikuwa miongoni mwa watengenezaji visu walioshauriwa ilipobuniwa. Feleji ya namna hiyo huyeyushwa, ikapulizwa kwa gesi hadi ikawa chembechembe za unga, kisha unga huo ukashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa uwe pande moja tena. Faida yake ni kwamba punje ngumu zinazolinda makali huwa ndogo na husambaa sawasawa, hazirundikani mahali pamoja. Vema. Lakini feleji ileile yenye herufi zilezile hugeuka kitu kingine ikipita katika tanuri jingine. Hupashwa moto unaozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, ikapozwa haraka, kisha ikapashwa tena kwa moto mdogo ili ipungue wepesi wa kuvunjika. Akilegea fundi wa tanuri, makali hulala upande. Akizidisha ugumu, humeguka. Herufi zilizochongwa hazikuambii lolote kuhusu siku hiyo ya tanuri, kwa hiyo mwulize muuzaji ugumu uliopimwa, na ujue jina la anayesimamia moto.

Kupanda kutoka dola 20 hadi dola 200 huleta mabadiliko ambayo mkono wowote utayahisi: feleji ya unga, kufuli imara, bapa lisiloyumba. Kutoka 200 hadi 500 mabadiliko ni madogo, ila ni ya kweli. Ni ulinganifu wa pande mbili za bapa, ni kingo za mpini zilizolainishwa zisikwaruze mfuko, ni ile bushi. Ukipita dola 1,000, mara nyingi unachoongeza ni sanaa na uadimu: feleji yenye mawimbi, mpini wa pembe ya mamothi iliyofukuliwa kwenye ardhi ya barafu ya Siberia. Siidharau sanaa hiyo. Naomba tu iitwe kwa jina lake, isije ikauzwa kama ubora wa kisu. Na kwetu sisi wa pwani, mpini wa thamani una historia isiyosahaulika, kwani katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya pembe za ndovu za Afrika Mashariki, na wafua visu wa Sheffield, Uingereza, walikuwa miongoni mwa waliozihitaji pembe za bara letu kwa mipini yao. Urembo huo ulilipiwa na wapagazi na watumwa.

Kuna kipimo kingine ninachokipa uzito kuliko mapambo, nacho ni umri. Watengenezaji wengi hutishia kufuta dhamana ukithubutu kulegeza skrubu moja. Reeve alichukua njia nyingine. Visu vyake vimekuwa vikiuzwa pamoja na funguo za kuvifungulia na grisi ya kiungo, na mwenye kisu anatarajiwa akifumue, akisafishe, akirudishe. Kikichoka hupelekwa Boise, kikanolewa na kurekebishwa. Gawanya dola 500 kwa miaka thelathini ya kazi uone kama bado ni nyingi.

Basi ukiwa na dola 20, nunua Opinel, jiwe zuri ulitafute baadaye, na usimwonee mtu wivu. Ukiwa na 500, usiitoe mpaka ukishike kisu chenyewe, hichohicho utakachoondoka nacho. Kitazame kikiwa kimefungwa, uone kama bapa limekaa katikati ya mpini. Kifungue polepole, kisha ulisukume bapa juu, chini, kulia na kushoto. Kifunge taratibu zaidi ya ulivyokifungua. Muuzaji akikukatalia, beba fedha zako uende kwingine.